Chupa ya Siku ya Tatu

Sura ya Tisa

Inspekta alifika kwenye uwanja wa kampuni ya safari za milimani saa nane mchana, na kabla hajashuka garini alivua kiatu cha kulia akakikung'uta. Hakukuwa na jiwe ndani. Ni mguu wenyewe tu uliochoka kuvaa kiatu.

"Afande, na tukirudi leo bila kitu?" Koplo aliuliza. Gari lilikuwa limezimwa, lakini mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

"Tukirudi bila kitu, tutakuwa tumerudi bila kitu."

Majibu ya Inspekta yalikuwa ya namna hiyo tangu wiki iliyopita. Jalada lililokuwa mapajani mwake lilikuwa limenenepa, ila halikuwa limeongezeka akili. Siku kumi na saba zilizopita, kwenye kambi ya pili huko nyanda za juu, kiongozi msaidizi wa msafara alikutwa asubuhi amekufa ndani ya hema lake. Wenzake walimwita Mluzi, kwa vile hakuweza kupanda hatua kumi bila kupiga mluzi. Daktari aliandika kwamba kilichomuua ni hewa ya jiko. Mvua ya mawe ilikuwa inanyesha, zipu zote za hema zilikuwa zimefungwa, jiko la mafuta likawaka humo ndani mpaka likazimika lenyewe, na mtu akalala moja kwa moja. Jiko lilikuwa la jikoni, kwa hiyo mpishi akakamatwa. Jumatatu alikuwa anapandishwa kizimbani. Mke wake alikuja kituoni kila asubuhi, akakaa kwenye benchi la mlangoni na bakuli lililofungwa kitambaa, asiongee na mtu.

Kilichomnyima Inspekta usingizi ni maelezo mawili yaliyogongana. Kiongozi mkuu wa msafara alisema usiku ule mpishi alibaki na mafuta ya jiko. Mpishi alisema yeye hakai na mafuta, hajawahi. Kituoni walimwamini kiongozi mkuu, maana ndiye aliyembeba marehemu mgongoni mpaka chini, na mpishi alikuwa akitetemeka tu na kurudia neno lile lile.

Leo ilikuwa Ijumaa. Kesho saa kumi na mbili alfajiri msafara mwingine ulikuwa unaondoka kwa siku sita, na karibu kila aliyekuwa kwenye kambi ile alikuwa anapanda nao. Wakishapanda, hakuna wa kuulizwa kitu mpaka mpishi awe ameshasomewa mashtaka.

"Twende," alisema Inspekta, akaingiza mguu kiatuni kama anayemrudisha mtoto shuleni.

*

Uwanjani mahema sita yalikuwa yamesimamishwa kwenye ardhi kavu, matupu, milango wazi. Ndivyo yalivyokaguliwa kabla ya safari: yanasimamishwa, yanatazamwa matundu, vigingi vinahesabiwa, kisha yanakunjwa. Chini ya kibanda cha mabati mizani ilining'inia kwenye boriti, na kila mzigo uliopimwa uliandikwa uzito wake kwa chaki. Wabebaji wanne walikuwa wamekaa juu ya magunia yao wakingoja zamu ya mizani. Walipoona sare ya Koplo, waliacha kucheka.

Mtunza stoo alikuwa amekaa kwenye kigoda, aproni ya turubai kifuani, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Kila mtu alimwita Dada Stoo, hata mwenye kampuni. Alikuwa dada wa marehemu, wa tumbo moja, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na moja.

"Pole tena, dada," Inspekta alisema.

"Tumeshapoa, afande. Karibu. Ila usikalie hayo magodoro, nimeshayahesabu."

Inspekta akabaki amesimama. Koplo akapata ndoo, akaigeuza, akamsogezea mkubwa wake, naye akakaa pole pole, goti moja kwanza, halafu la pili.

"Umerudi kazini mapema."

"Nikikaa nyumbani nahesabu mabati ya dari. Hapa angalau nahesabu vitu vinavyoondoka." Alikuwa anafungasha majiko matatu ya mafuta, kila moja analiviringishia kitambaa, miguu ya chuma ndani, kichwa juu. "Mpishi mmeshampeleka?"

"Jumatatu."

"Mungu hamtupi mja wake."

Alisema bila kuinua macho. Inspekta aliacha jiko la pili liviringishwe ndipo akauliza.

"Ule ugomvi wao. Nieleze tena."

"Nimeshaeleza mara tatu. Huyo dada wa sare ameandika."

"Nieleze kama hujaeleza."

Dada Stoo akashusha pumzi. "Kambi ya kwanza, kama nilivyohadithiwa. Mdogo wangu alichota maji ya moto ya wageni akaoshea miguu. Makosa, sikatai, alikuwa na mchezo toka utoto. Mpishi akamwambia mbele ya watu wote, 'Siku moja utalala na baridi yako, nione utajipasha na nini.' Kesho yake usiku akafa kwa jiko. Sasa wewe mtu mzima, hesabu."

"Wabebaji wanasema ulikuwa mzaha."

"Mzaha wenyewe ndio huo umeondoka na mtu."

Mbebaji mmoja, mwenye mabega kama mlango, alikohoa. "Dada, mpishi na Mluzi walikuwa wakitukanana hivyo kila safari. Siku wasipotukanana tulikuwa tunauliza nani anaumwa."

"Wewe ngoja kupimwa," alisema Dada Stoo. "Sijakuita kortini."

Mbebaji akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa.

"Safari ile ilipofungashwa ulikuwepo?" Inspekta aliuliza.

Mikono ya mwanamke ikatulia kidogo. "Sikuwepo. Nilikuwa nimelazwa siku nne, presha. Alifungasha kiongozi wao, Taratibu, peke yake." Akaonyesha kwa kidevu upande wa mahema. "Ningekuwepo, pengine... Basi. Nilikuwa nimelazwa."

*

Taratibu ndiye kiongozi mkuu. Jina hilo alilipata kwa neno analowaambia wageni tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Alikuwa mrefu, mkavu, na siku hizo kumi na saba zilikuwa zimempunguza zaidi, mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Alipiga magoti kwenye nyasi kavu mbele ya rundo la mifuko ya kulalia. Aliutoa mmoja kwenye gunia lake, akafungua zipu mpaka mwisho, akaukunjua, akapitisha kiganja ndani, akaupeleka puani, kisha akaurudisha. Akachukua mwingine.

"Anaitafuta ndoto iliyobaki humo?" Koplo alinong'ona.

Dada Stoo alicheka kwa pua, kicheko kifupi kilichomponyoka. "Huyo! Miaka kumi na miwili nagombana naye. Huwa anahesabu kwa kuminya. Anauminya mfuko hivi, kama mtu anayechagua parachichi, 'wa baridi, wa baridi, wa baridi,' tiki, tiki, tiki, kamaliza. Leo tangu asubuhi anafungua mmoja mmoja. Msiba umemtia adabu."

Inspekta alimtazama Taratibu akifungua mifuko mingine mitatu. Kisha akainuka kwenye ndoo, akashika kiuno, akaenda.

"Kazi nzuri," alisema alipomfikia.

"Kazi ya kawaida, afande."

"Dada Stoo anasema si ya kawaida kwako."

Taratibu alifunga zipu. "Dada Stoo ana maneno."

"Maelezo yako ni yale yale?"

"Yale yale."

"Mluzi ulimwona mara ya mwisho saa ngapi?"

"Baada ya chakula. Saa mbili kasoro."

"Akiwa na nini?"

"Akiwa mzima."

"Mafuta yalikuwa kwa nani?"

"Kwa mpishi. Mvua ilituchelewesha kula. Akabaki nayo."

Jibu lilitoka bila kukwaruza popote, kama jibu lililokwisha kuzungushwa mdomoni mara nyingi. Inspekta alifungua jalada, akatafuta ukurasa uliopigwa chapa. Ulikuwa wa mmoja wa wageni wa safari ile, mwalimu mstaafu, ambaye alikwisha kurudi kwao na kutuma maelezo yake kwa barua.

"Huyu mwalimu anaandika kwamba usiku wa pili baridi ilimshika, mfuko wake ulikuwa mwepesi. Ukamletea mwingine. Anakushukuru sana."

"Ndiyo. Tunabeba ya akiba."

"Anasema ulikuwa wa kijani."

"Sikuangalia rangi, afande. Ilikuwa mvua, na giza."

"Haya. Endelea na kazi."

Inspekta aligeuka. Nyuma yake alisikia zipu nyingine ikifunguliwa, polepole, jino kwa jino.

*

Alipofika kibandani, Dada Stoo alikuwa anapanga majiko ndani ya pipa la bluu lenye mfuniko wa kuzungusha. Akaweka sufuria juu, mwiko, kifungu cha vitambaa, akafunga. Mbebaji mwenye mabega akalipandisha kwenye mizani. Kilo kumi na nane. Chaki ikaandika.

"Dada, mifuko ya akiba ni ya rangi gani?"

"Myekundu. Yote miwili. Niliichagua mimi, ili isipotee kwenye rundo."

"Na wa kijani?"

"Wa kijani ulikuwa mmoja tu stoo nzima." Akakung'uta chaki vidoleni. "Wa mdogo wangu. Nilimbadilishia zipu mwenyewe, maana ile ya kwanza aliikata kwa meno alipokwama. Kwani vipi?"

"Mfuko huo uliporudi kutoka safari ile ulikuwa wapi?"

Alifikiri. "Kwenye gunia la wageni. Nikashangaa. Nikasema kwa haraka ya msiba wamechanganya." Akamtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu afike, juu ya miwani. "Afande, mbona unauliza mambo ya mifuko? Mtu alikufa kwa jiko."

"Nauliza kila kitu. Nimechoka, siwezi kuchagua."

Koplo aliandika neno moja kwenye kidaftari chake, akalipigia mstari. Inspekta aliliona. Kwamba Mluzi alilala bila mfuko wake, hilo lilieleza kwa nini alitaka moto. Halikueleza nani aliyempa. Mpishi angeweza kumhurumia kama mtu mwingine yeyote, na huruma ya mpishi ingemfunga vile vile.

Dada Stoo alikuwa ameshakaa tena kwenye kigoda. Mbele yake kulikuwa na chupa sita za bati za mafuta, ndefu, zenye shingo ya kuzungusha. Tano zilikuwa zimepauka na kugongwagongwa, kila moja na namba yake kwa rangi nyekundu. Ya sita ilikuwa mpya, inang'aa. Alichovya brashi ndogo kwenye kopo, akaikamata chupa kwa magoti, akaanza kuandika namba polepole, ulimi kwenye kona ya mdomo.

"Hizo haziingii kwenye pipa?" Inspekta aliuliza.

"Zipi?"

"Chupa. Za majiko."

Dada Stoo aliinua uso akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havai viatu kichwani.

"Kwenye pipa la mpishi? Chupa?"

Wabebaji wakatazamana. Mmoja akatabasamu.

"Sisi hatujui kazi yenu," Inspekta alisema. "Tusaidie."

"Miaka tisa iliyopita hema la jikoni liliungua, na mtu ndani. Jiko na mafuta vilikuwa mahali pamoja, mtu kavuta sigara. Tangu siku hiyo jiko linalala kwa mpishi, mafuta yanalala kwa kiongozi mkuu. Mfuko huu." Akauvuta mfuko wa ngozi nzito, wenye kufuli ndogo shingoni. "Ufunguo mmoja kiongozi anauvaa shingoni, mwingine uko kwangu. Asubuhi mpishi anapewa chupa yake, jioni akimaliza kuosha vyombo anairudisha, inafungiwa. Hata iwe inanyesha moto."

"Hata akichelewa kupika?"

"Kiongozi halali mpaka airudishe. Muulize hata huyu."

Mbebaji mwenye mabega alitikisa kichwa kukubali. "Mimi nimeshawahi kumwona Taratibu amesinzia amesimama, anangoja chupa."

"Mbona hamkutuambia hili siku zote hizi?" Koplo aliuliza.

"Dada, uliniuliza nilikuwa wapi na nilisikia nini," mbebaji alisema. "Hukuniuliza chupa inalala wapi. Ni kama uniulize mlango uko upande gani wa nyumba. Nilijua unajua."

Inspekta alikuwa amenyoosha mguu wake mbovu. Akaurudisha.

"Na namba?"

"Namba ni siku," alisema Dada Stoo, akirudi kwenye brashi yake. "Moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, mpaka sita. Kila siku naijazia chupa yake, hapa hapa, kabla hawajapanda. Mtu akimaliza ya leo kabla ya wakati, anakunywa maji baridi. Bila hivyo siku ya nne wanakula vitu vibichi."

"Hakuna anayechukua ya kesho leo?"

"Mpishi atapewa ruhusa na nani? Ziko kwenye kufuli."

Rangi ilikuwa mbichi, tatu yenye matumbo mawili, nzuri kama ya ubaoni. Inspekta aliitazama hiyo namba kwa muda mrefu. Kisha, bila kugeuka, akamnyooshea Koplo mkono.

"Picha. Ile ya ndani ya hema."

Koplo akapekua, akampa. Ilikuwa picha aliyokwisha kuitazama mara hamsini: hema limefunguliwa, blanketi jepesi, jiko pembeni, mpira wa jiko umeingia kwenye shingo ya chupa ya bati. Kwenye chupa, kwa rangi nyekundu, palikuwa na namba. Mara zote hizo hamsini aliisoma kama namba tu, kama inavyosomwa namba ya ndoo au ya kiti.

"Mdogo wako alikufa usiku wa siku ya ngapi?"

"Ya pili. Unajua."

"Mpishi alipika chakula cha jioni kwa chupa gani?"

"Ya pili. Lazima."

"Ya pili ilirudi?"

"Ilirudi. Niliikuta ndani ya mfuko huu huu, nilifungua kufuli mwenyewe kwa ufunguo wangu. Ilikuwa na robo." Brashi yake ilikuwa hewani sasa. "Iliyokosekana ni ya tatu. Ndiyo maana natengeneza hii."

"Ulidhani ya tatu iko wapi?"

"Kwenu. Nilidhani mliichukua kwa mpishi. Kwamba asubuhi ile alipewa, akachemsha maji ya kushukia." Tone la rangi lilianguka kwenye aproni, hakuliona. "Afande. Ya tatu mliikuta wapi?"

Inspekta hakuwa mtu wa kumficha mtu kitu alichokwisha kukiona. Alimpa picha.

Dada Stoo aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni, akaivaa tena, akatazama. Hakulia. Alifanya kitu ambacho Koplo alikuja kukieleza baadaye mara nyingi: alihesabu kwa kidole zile chupa zilizokuwa mbele yake, moja, mbili, nne, tano, sita, akarudi mwanzo, akahesabu tena.

"Robo ya mafuta inawaka muda gani?" Inspekta aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Robo haiivishi hata maharage. Saa moja na nusu, ikizidi sana."

"Na iliyojaa?"

"Mpaka alfajiri."

*

Taratibu alikuwa ameingia kwenye hema la mwisho, anakagua mishono ya juu. Inspekta aliinama, akaingia, akakaa kwenye turubai na kugumia kwa maumivu. Ndani palikuwa na joto na harufu ya kitambaa cha zamani. Akaivuta zipu ya mlango nyuma yake, akaifunga yote.

"Funga na mlango wa upande wako," alisema.

Taratibu alibaki na mkono juu.

"Funga, tukae kidogo kama Mluzi alivyokaa."

"Afande, kuna joto."

"Nipe ufunguo ulio shingoni."

Mkono ulishuka. Kupitia uwazi wa shati Inspekta aliiona kamba nyeusi. Taratibu hakuivua. Aliishika tu.

"Ya pili ilikuwa na robo," Inspekta alisema. "Mpishi alikurudishia, ukaifungia. Ukafungua tena baadaye ukatoa ya tatu. Hakuna mwingine huko juu ambaye angeweza. Nimekuja tu kuuliza kwa nini."

Nje mizani ilikuwa imeacha kulia.

"Nilihesabu kwa kuminya," alisema Taratibu.

Inspekta akanyoosha mguu wake mbovu.

"Mifuko. Wakati tunafungasha. Mmoja ulikuwa mwepesi, wa nyanda za chini, sikuufungua. Na ya akiba niliisahau hapa stoo, myekundu yote. Usiku wa pili yule mwalimu akaja hemani kwangu, midomo imebadilika rangi. Mgeni akifa, kampuni imekufa. Nikaenda kwa Mluzi. Nikamwambia, nipe mfuko wako, nina shida. Akautoa hapo hapo. Akasema, mgeni alale, yeye ana nyama za kutosha." Aliizungusha kamba kidoleni. "Mimi wangu ulikuwa umelowa. Nikarudi kulala nikashindwa. Namsikia anajigeuza. Nikachukua jiko kwenye pipa la jikoni, mpishi amelala anakoroma. Nikafungua kufuli. Juu kabisa zilikuwa mbili, ya robo na ya kesho iliyojaa."

"Ukachukua iliyojaa."

"Nilimwonea huruma. Nikasema robo itamwisha hajapata joto. Nikampa iliyojaa. Nikamwambia, acha zipu wazi kidogo." Akatazama zipu ya mlango. "Mvua ya mawe ikaanza saa hiyo hiyo."

"Na mpishi?"

"Nilimbeba Mluzi kwa muda wa saa saba. Kila hatua nilisema nikifika chini nasema. Nimefika chini, miguu inatetemeka, wewe ukaniuliza swali moja, mafuta yalikuwa kwa nani. Na mpishi alikuwa amesimama hapo mbele yangu na jiko mkononi." Akavua kamba kichwani, ikanasa sikioni, akaivuta. "Neno likatoka, afande. Likishatoka halirudi. Kila siku nilisema kesho."

Inspekta alipokea ufunguo. Ulikuwa wa moto kwa joto la mwili.

Kwenye kitambaa cha hema, upande wa jua, palikuwa na kivuli. Kilikuwa kimesimama hapo muda wote, kifupi, kipana, na uzi wa miwani ukining'inia nyuma ya kichwa.

"Alilalamika?" kivuli kiliuliza.

Taratibu aliinamisha kichwa. "Hapana, dada."

"Ulipompa hilo jiko. Alisema nini?"

"Alicheka. Alisema leo analala kama mgeni."

Kivuli hakikusogea. "Alipiga mluzi?"

"Kidogo. Nilimsikia. Halafu nikalala."

*

Koplo alimpakia Taratibu garini bila pingu. Mbebaji mmoja alimletea sweta lake, akalitupia kwenye kiti cha nyuma, akaondoka. Mwenye kampuni alikuwa kwenye simu ofisini, anatafuta kiongozi mwingine wa kushika msafara kabla ya alfajiri, na sauti yake ilisikika uwanja mzima.

Inspekta alipiga simu kituoni. Alisema maneno machache, akasikiliza, akasema, "Leo. Si Jumatatu. Mwambieni na yule mama wa kwenye benchi." Kisha akaenda kibandani kuchukua chupa ya pili iliyokuwa na robo, iwe kielelezo.

Dada Stoo alikuwa ameirudia ile mifuko ya kulalia. Yote iliyokaguliwa na Taratibu tangu asubuhi alikuwa ameimwaga tena chini, na sasa anafungua zipu ya kwanza.

"Hiyo ameshaiangalia," Inspekta alisema. "Leo aliiangalia vizuri."

"Najua."

Akapitisha kiganja ndani ya mfuko, mpaka miguuni, akaufunga, akauweka kando. Akachukua wa pili. Inspekta alitaka kumwambia apumzike, lakini hakuwa na haki ya kumwambia mtu mwingine neno hilo. Akaichukua chupa, akatia sahihi kwenye karatasi ya kuipokea, akageuka kuondoka.

"Afande."

Alisimama.

"Huyo mpishi. Mkimtoa leo." Zipu ilinasa, akairudisha nyuma, akaivuta tena. "Mwambie majiko yake yako kwenye pipa la bluu. Kilo kumi na nane. Mwambie saa kumi na mbili kamili, asinicheleweshe, chupa yake ya kwanza nitampa kwa mkono wangu."

Inspekta alikubali kwa kichwa. Alitembea mpaka garini, mguu wa kulia ukiburuta kidogo, na nyuma yake alisikia zipu ya mfuko wa tatu ikifunguliwa mpaka mwisho.